Walimu wa msingi, mnajibuje maswali ya watoto kwenye kipindi cha afya na mahusiano? Kuna karatasi moja imenikwamisha

Mwalimu_wa_Tano:

Habari zenu wadau, hasa walimu wenzangu wa msingi.

Mi nafundisha darasa la tano na mwaka huu nimekabidhiwa pia kile kipindi cha afya, mahusiano na stadi za maisha, kile ambacho ratiba ikibana ndo cha kwanza kukatwa. Nimekipokea kwa moyo wote maana naona kina uzito, ila chuoni tulipitishwa juu juu tu kwa hiyo najifunza huku nafundisha. Mada za mwanzo zilienda vizuri, usafi, kunawa mikono, usingizi, marafiki, kugombana na kupatana. Shida imeanza tulipofika mabadiliko ya mwili na usalama wa mtoto. Nikitaja tu neno uke au uume darasa zima linaangua kicheko, wengine wanajifunika uso na madaftari, wavulana wa nyuma wanasukumana, na mimi mwenyewe najisikia sauti inashuka. Nikaona niweke kisanduku cha maswali, boksi la viatu nimelitoboa tundu juu, kila mtu anaandika bila jina, hata asiye na swali anaandika chochote ili isijulikane nani kauliza nani hajauliza.

Maswali mengi ni yale ya kutegemewa, kwa nini wasichana wanatangulia kurefuka, hedhi inauma au haiumi, rafiki yako akihamia kwa mwingine unafanyaje. Sasa kuna kikaratasi kimoja. Kimechanwa kwenye daftari la hesabu lile la vimraba, kimekunjwa kunjwa mpaka kimebaki kama ukucha wa kidole gumba, penseli imekandamizwa mpaka ukipapasa nyuma herufi unazisikia kwa kidole. Kimeandikwa hivi: "ukiahidi hautasema alafu ukasema ni dhambi?" Basi, hakuna kingine.

Inawezekana ni mambo ya kitoto kabisa, mtu kaona mwenzake kavunja rula akaapishwa asiseme. Inawezekana sio. Nimekaa nacho tangu jumanne, nakifungua nakifunga. Naombeni msaada, kicheko mnakitulizaje, wazazi mnawaambia nini maana mmoja tayari kanipigia simu, na zaidi ya yote hiki kikaratasi nikijibu vipi.

---

ChakiNaVumbi:

Mwalimu mwenzangu pole na hongera, pole kwa mzigo hongera kwa kuweka boksi maana wengi hawathubutu.

Naanza na kikaratasi, mengine yatasubiri. Usikae nacho peke yako. Kila shule inatakiwa iwe na mtu anayeshughulikia ulinzi wa watoto, kama hayupo basi ni mkuu wa shule, kesho asubuhi kabla ya kengele mpelekee, muonyeshe, mwandike tarehe mliyokipata. Hata kama mwisho wa siku itakuwa ni rula kweli, hakuna hasara. Hasara ipo kwenye kukaa kimya.

Pili, kijibu mbele ya darasa zima na usikisome. Ukikisoma kama kilivyo, aliyeandika ataona darasa zima linamtazama hata kama hakuna anayemtazama. Fundisha tu mada inayokibeba, sema leo tunaongelea siri. Mi huwa natofautisha siri na sapraizi: sapraizi ina siku yake ya kujulikana na ikijulikana kila mtu anafurahi, siri mbaya haina siku na kila ukiiwaza tumbo linakaza. Watoto wanaielewa hiyo ya tumbo haraka sana kuliko maelezo yoyote, maana tumbo lao wanalijua. Alafu waambie kwa maneno yaliyonyooka kwamba mkubwa au mtoto mwenzako akikuapisha ufiche kitu kinachokuumiza au kinachokutisha, kiapo hicho hakikufungi, ukisema hujafanya kosa, aliyekosa ni aliyekuapisha. Na kama uliahidi mwaka juzi na hukusema mpaka leo, bado unaweza kusema leo. Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau, watoto wengi wanadhani wamechelewa.

Kicheko kisikusumbue, ni aibu tu inatafuta mlango. Mi naandika hayo maneno ubaoni kwa herufi kubwa, tunayasoma pamoja kwa sauti, uume, uke, korodani, matiti, kama tunavyosoma figo, ini, mapafu. Mara ya kwanza wanacheka wote, mara ya tatu nusu, mara ya tano wameshachoka wanataka tuendelee. Na kabla ya kipindi tunatunga kanuni wenyewe: hakuna kumuuliza mtu jambo lake binafsi, kila mtu ana haki ya kupita bila kujibu, hatutaji majina ya watu tunaowajua. Ukitaka mfano tumia mtoto wa kubuni, "kuna mtoto wa umri wenu anaitwa fulani, kapewa zawadi akaambiwa asimwambie mtu, mnadhani anajisikiaje". Wataongea kuhusu huyo wa kubuni mambo ambayo wasingeyasema kwa nafsi zao hata ungewabembeleza vipi.

---

Nesi_wa_Watoto:

Naunga mkono aliyetangulia, ila naomba niongeze jambo la lugha maana huku zahanati nakutana nalo kila wiki.

Sisi Waswahili tuna tafsida nyingi sana. Mtoto anakuja anasema anaumwa "chini", au "kidudu", au "nanii", au ananyoosha tu kidole afu anaangalia ukutani. Tafsida ina heshima yake kwenye maongezi ya watu wazima, siibezi. Lakini mtoto asiyekuwa na jina la sehemu ya mwili wake hawezi kueleza ugonjwa wala hawezi kueleza kwamba kaguswa. "Amenishika kidudu" ukimwambia mtu aliye bize atajibu mfukuze, akidhani ni mdudu. Sijatunga hiyo, nimemsikia mzazi akinisimulia huku analia.

Na kuna neno moja ambalo mimi nimeliacha kabisa kulitumia na watoto, "sehemu za siri". Hebu fikirini, tunamwambia mtoto asiweke siri kuhusu mwili wake, na papo hapo tumeupa mwili wake jina la siri. Mtoto anachukua maneno kama yalivyo, kitu cha siri hakisemwi. Mi nasema sehemu za faragha, nawaeleza faragha maana yake ni zako, hazionyeshwi ovyo, wala hazipigwi picha, lakini kuzitaja unaruhusiwa muda wowote kwa mtu unayemwamini. Mwalimu jaribu, utaona tofauti.

Vilevile achana na "mguso mzuri na mguso mbaya". Sindano inauma lakini inakusaidia, na anayemdhuru mtoto mara nyingi anaanza taratibu, anamchekesha, anampakata, mtoto anajisikia vizuri kabisa, kwa hiyo anachanganyikiwa anajiona na yeye kashiriki. Sema mguso salama na usio salama. Na wafundishe kwamba mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu anayejulikana na mtoto, sio mgeni wa barabarani, maana tumewatisha na wageni miaka yote tukasahau wenyeji.

Kuhusu kubalehe, darasa la tano sio mapema. Wasichana huanza kubadilika popote kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, kwa hiyo humo darasani mwako una waliokwisha anza, una ambao hawajaanza na wote wako sawa, hilo waambie kwa sauti maana kila mmoja anadhani yeye ndo ana kasoro. Hedhi kwa kawaida huja kama miaka miwili au zaidi kidogo baada ya matiti kuanza kuota, inakaa siku 2 mpaka 7, na mwanzoni mzunguko unaweza kuruka ruka bila mpangilio. Damu inayotoka yote kwa mwezi ni kama vijiko viwili vitatu vya chakula, wasichana wakisikia hivyo wanashusha pumzi, maana wanawaza ndoo. Beba pedi darasani, ifungue, imwagie maji yenye rangi waone inavyonyonya. Na wavulana wakae humo humo, usiwatoe nje. Mvulana aliyeona pedi ikifunguliwa na mwalimu wake, huyo kesho hamcheki dada wa watu aliyechafua sketi.

---

BabaWatatu:

Nisameheni mimi sio mwalimu, ni mzazi, na huyo aliyepiga simu angeweza kuwa mimi.

Mnaongea vizuri lakini mjue na sisi tunavyoona. Mwanangu wa miaka kumi anarudi nyumbani ananiuliza swali mezani mbele ya bibi yake, sikujiandaa, sijui kafundishwa nini kwa kiasi gani, na nani. Nyie mmeshajadili huko mimi nasikia juu juu. Hofu yangu sio mwili, najua mwili atabalehe. Hofu yangu ni kwamba mtoto akielezwa kitu mapema atataka kukijaribu, na kwamba haya mambo mzazi ndo alitakiwa ayaseme. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sasa mkinipokonya nafasi ya kufunza mnanifanya nini.

Sipingi kwa ugomvi, nauliza.

---

Daftari_la_Mraba:

Baba nakuheshimu sana kwa kuuliza hivyo, wengine wanakuja na matusi.

Hiyo hofu ya kuharakisha watoto imechunguzwa miaka mingi. UNESCO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa mwongozo wao wa elimu hii mwaka 2009 wakaurudia kuuandika 2018 baada ya kupitia tafiti za nchi mbalimbali, na walichokikuta ni kwamba kufundishwa hakuongezi watoto kuanza ngono mapema wala tabia hatarishi. Na mwongozo wenyewe umegawanywa kwa umri, wa miaka 5 hadi 8 hafundishwi cha miaka 12. Kwa mdogo ni familia, urafiki, hisia, kujua mwili wake ni wake, na nani wa kumwambia. Ukisoma utaona sehemu kubwa hata haihusu ngono.

Ila kwenye hilo la kushirikishwa uko sahihi kabisa na mimi niko upande wako. Kule England tangu Septemba 2020 elimu ya mahusiano ni lazima kwa shule zote za msingi, mzazi hawezi kumtoa mtoto, lakini shule inalazimika kuwashirikisha wazazi wakati wa kuandaa sera yake, na elimu ya ngono yenyewe kwa msingi sio lazima, shule ikiamua kuifundisha mzazi ana haki ya kumtoa mtoto isipokuwa yale yaliyomo kwenye somo la sayansi. Mimi sisemi kila mtu anakili hiyo, nasema hata walioifanya lazima wameona hawawezi kumruka mzazi.

Mwalimu, ita wazazi kabla ya mada. Waonyeshe vitabu, picha zenyewe, maneno yenyewe utakayoyatumia. Wape na maswali matatu manne ambayo watoto watarudi nayo nyumbani ili baba kama huyu asikute anaulizwa mezani akiwa mikono mitupu. Wazazi wengi hawakatai, wanakataa kushtukizwa.

---

BabaWatatu:

Hilo la kupewa maswali kabla limenigusa. Nikijua linakuja naweza kulijibu, hata kama nitakuwa naona aibu.

---

Kalamu_Nyekundu:

Mi naenda tofauti kidogo na nyie. Mwalimu ana hicho kikaratasi, ana madaftari ya hesabu ya darasa zima mezani. Linganisha mwandiko, nusu saa umeshamjua. Kama mtoto yuko hatarini mnajadili faragha ya nini? Alafu ukishamjua muite ofisini umuulize taratibu nani kamwambia asiseme.

---

ChakiNaVumbi:

Kalamu naelewa haraka yako na hata mi moyo ungenituma hivyo hivyo, ila hapa tutulie. Kumlinganisha mwandiko waachie wale waliopewa jukumu hilo shuleni, wakiamua kwamba ni lazima wafanye hivyo ni uamuzi wao pamoja na mkuu. Mwalimu mmoja mmoja asianze upelelezi. Na kumuita ofisini kumuuliza nani, lini, wapi, alikushika wapi, hapo ndo tunaharibu. Maswali ya kumuelekeza mtoto yanamuwekea maneno mdomoni, kesho kesi ikifika kwa wahusika maelezo yake yataonekana ni ya kufundishwa, na mtoto atakuwa amesimulia mara tano kitu ambacho mara moja tu kilimchosha.

Mtoto akija mwenyewe kusema, kazi yako ni ndogo na ni ngumu. Kaa chini ulingane naye. Sikiliza, usiruke wala usipige yowe hata kama damu imekuganda. Usimkatize. Mwambie asante kwa kuniambia, nimekusikia, sio kosa lako. Akikuuliza "utamwambia mtu?" usimdanganye, mwambie nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, maana ukimuahidi siri umekuwa mtu mwingine tena aliyemfungia mdomo. Akiondoka andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama katumia "kidudu" andika kidudu, usimsahihishie. Peleka siku hiyo hiyo.

Na kwenye boksi kuna kosa dogo mwalimu amefanya ambalo sote tumewahi kulifanya, kusema bila jina na kuishia hapo. Waambie: usiandike jina kama unauliza tu, lakini kama unataka kuongea na mimi peke yetu, andika jina nami nitakutafuta kimya kimya. Na nikiona kitu kinachonipa hofu juu ya usalama wa mtoto nitatafuta msaada. Wajue kabla ya kuandika, sio baada.

---

Daftari_la_Mraba:

Hapo kwenye "wahusika" niongeze kwamba sio hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 19 kinataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa kila namna, cha 34 kinataja unyanyasaji wa kingono moja kwa moja. Mwalimu akiambiwa na mtu "usiaibishe shule" ajue kabisa anasimama wapi.

---

Teacher_Wa_Pili:

Naomba tusisahau upande mwingine wa hiki kipindi maana tumezama kwenye mwili na usalama na ni sawa, lakini mi nafundisha la pili na kazi yangu kubwa ni kuwapa maneno ya hisia. Watoto wangu walikuwa na maneno mawili tu, nimefurahi na nimekasirika. Kiswahili kimejaa, kuna wivu, upweke, aibu, kinyongo, huzuni, wasiwasi, kijicho, majuto, roho kuniuma, kukabwa na donge. Tunachukua neno moja kwa wiki.

Kuna kijana alikuwa anapiga wenzake kila siku asubuhi, asubuhi tu, ikifika saa nne ametulia kabisa. Adhabu hazikusaidia. Wiki ya kinyongo, nimewaeleza ni hasira ambayo hukuitoa ukaificha ndani ikakaa, yeye akanyoosha mkono akasema "teacher mi ninacho, cha mtoto". Kwao kuna kichanga kimezaliwa, asubuhi mama anambeba kichanga yeye anaambiwa vaa mwenyewe wewe mkubwa. Miaka saba. Nikamwambia mama yake, mama akaanza kumfunga yeye viatu kila asubuhi kabla ya kugusa mtoto, viatu tu. Kupiga wenzake kumepungua sana, hakujaisha lakini kumepungua sana.

Nasema hivi kwa sababu mtoto aliyezoea kusema "nina kinyongo" darasa la pili, akifika la tano ana ulimi wa kusema mengine.

---

Mwalimu_wa_Tano:

Nimerudi. Nisameheni kwa kukaa kimya wiki nzima.

Kikaratasi nilikipeleka kwa mkuu asubuhi yake kama mlivyosema, tukaandika tarehe, tukakiweka kwenye bahasha. Mwalimu wa ulinzi wa watoto tulikuwa naye kwenye makaratasi tu, sasa yupo kweli na watoto wametambulishwa sura yake na jina lake.

Kipindi nimekifanya alhamisi. Nimeanza na sapraizi na siri, nikauliza tumbo linakuwaje, mmoja akasema "linakuwa kama unashuka ngazi ambayo haipo". Sijawahi kusikia mtu mzima akisema vizuri hivyo. Nikasema ile ya kiapo, nikaisema mara mbili, na ile ya kwamba hujachelewa. Wakati nasema sikumwangalia mtu yeyote, niliangalia dirisha, kwa sababu niliogopa macho yangu yatamtafuta. Sehemu za faragha wamelizoea ndani ya kipindi kimoja. Maneno ubaoni tulisoma mara nne, ya nne hakucheka mtu.

Nikatangaza utaratibu mpya wa boksi. Siku hiyo watoto watatu wameandika majina. Wawili nimeongea nao mwenyewe na yamekwisha, mambo ya darasani. Wa tatu nimemsikiliza, nimeandika maneno yake kama alivyosema, na sasa yuko mikononi mwa wanaohusika, zaidi ya hapo sitasema kitu hapa na naomba msiniulize. Sijui kama ndo aliyeandika kile kikaratasi cha vimraba. Boksi linabaki pale pale.

Baba Watatu, kikao cha wazazi ni jumamosi ijayo, yale maswali ya kurudi nayo nyumbani nimeyaandika tisa na nitayabandika na hapa kesho, nikiomba wewe uyasome kwanza uniambie lipi lingekukwamisha mezani.

Nesi, nina swali. Jana kwenye boksi mvulana mmoja ameuliza kama sauti ikikwaruza na isirudi ni ugonjwa, na anaimba kwaya. Nimjibu nini kuhusu muda?

---

Nesi_wa_Watoto:

Mwambie sio ugonjwa, koo lake linakua na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, ndo maana inapanda na kushuka yenyewe. Kwa wengi inatulia ndani ya miezi kadhaa, wengine inachukua mpaka mwaka au zaidi. Aendelee kuimba ila asilazimishe noti za juu, aongee na mwalimu wa kwaya amsogeze sauti ya chini. Kama ana maumivu au homa hapo ndo aje tumwangalie.